Nani Ameshika Kamba Juu?

Mpwa wangu alifika nyumbani Kahama Jumapili moja mchana, vumbi la Kakola likiwa bado limeganda kwenye nyusi zake. "Shikamoo mjomba." "Marahaba, karibu." Hata maji hajaletewa, akatoa simu mfukoni na kuiweka mezani, kioo juu, taratibu, kama mchimbaji anavyoweka jiwe lenye dhahabu mbele ya mnunuzi. Simu pana, nyeusi, kamera zimejipanga mgongoni. Sikuuliza bei. Kijana haweki kitu cha namna ile mezani halafu akakinyamazia.

"Nzuri," nikasema. "Umenunua?"

"Sijanunua, mjomba. Nalipia."

Nimekaa na jibu hilo tangu siku ile. Kwa masikio ya watu wa umri wangu, kununua na kulipia ni kitu kimoja. Marehemu baba yangu alinunua baiskeli kwa fedha za pamba: alihesabu noti, akapanda, akaondoka, hadithi ikaishia pale. Kwa mpwa wangu maneno hayo mawili yameshaachana. Mtu anaweza kulipia kitu mwaka mzima, akalala nacho na kuamka nacho, na bado asiwe amekinunua.

Kakola, kwa asiyeijua, ni mji uliokua pembeni ya mgodi wa Bulyanhulu, ulioanza kuzalisha dhahabu mwaka 2001. Wengi tunaowafahamu pale hawafanyi kazi ndani ya uzio wa mgodi mkubwa. Wanaishi kwa maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, kwa makarasha ya kusaga mawe, kwa mialo ya kuoshea, na kwa kuwapikia wanaofanya hayo yote. Mpwa wangu yuko kwenye karasha, na duara la wenzake likifika kwenye mwamba wenye kitu, naye huzama.

Dukani simu ile ilikuwa shilingi 600,000 taslimu. Yeye alitoa kianzio cha 100,000, kisha akakubali kulipa 2,300 kila siku kwa siku 365. Tulipiga hesabu pamoja pale mezani. Siku 365 kwa 2,300 ni 839,500. Ongeza kianzio, unapata 939,500. Simu ya laki sita itakuwa imemgharimu laki tisa na ushee. Nilidhani hesabu ile itamshtua. Akaniangalia kwa upole, kama mtu anayemhurumia mzee. "Mjomba, laki sita kwa mkupuo mimi nitaitoa wapi? Elfu mbili na mia tatu ninayo."

Hapo alikuwa sahihi, na mimi nilikuwa namjibu swali ambalo hakuuliza. Tena simu kwa kijana wa karasha si urembo mtupu. Ndani yake mna kundi la WhatsApp ambamo bei ya dhahabu hutangazwa kila asubuhi. Mna mwenye gari la kubeba mawe, mna mama yake aliyeko Shinyanga vijijini, mna pesa yake. Na mna heshima, tusijifanye hatuijui. Katika kazi ambayo mtu anaweza kutoka shimoni baada ya miezi mitatu akiwa na madeni tu, simu kali mkononi ni ushahidi kwamba shimo halijamshinda.

Kabla hajaondoka akanidokeza jambo moja huku akitazama pembeni. Kampuni ya mkopo ilitaka namba ya kitambulisho cha NIDA, picha, na namba za watu wawili wa karibu. Mmoja wa hao wawili alikuwa mimi. Hakuwa ameniuliza.

Nisingekuwa na haki ya kumhubiria kuhusu kununua taslimu bila kueleza yangu. Miaka michache iliyopita nilikwenda Dar es Salaam kwa shughuli za kazi, na jioni moja miguu ikanipeleka Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kwenye maduka ya simu yaliyobanana kama meno. Nikaiona iPhone ya macho matatu, iliyotumika, kutoka Marekani. Muuzaji akaisifia kuliko mshenga anavyomsifia bwana harusi. Nikalipa taslimu. Nilitembea kwenda kituoni nikijiambia kwamba sidaiwi na mtu.

Kahama nikaweka laini yangu. Simu ikaandika kwamba laini ile haikubaliki. Nikaweka ya mtandao mwingine, jibu likawa lile lile. Fundi wa pale stendi aliigeuza mara mbili, akacheka kidogo. "Mzee, hii imefungwa. Kuna mtandao huko Marekani haujaiachia." Mtu fulani, mahali fulani, aliichukua kwa mkataba, na kabla mtandao haujaifungua ikaingia kwenye biashara ya simu zilizotumika, ikapita mikono nisiyoijua hadi ikanifikia mimi mtu wa Kahama. Fundi aliniwekea kipande chembamba chenye chipu chini ya laini, ikafanya kazi. Simu iliposasisha programu zake, ikakataa tena. Leo iko kwenye droo, wajukuu wanachezea michezo. Nililipa taslimu, nikabeba mkataba wa mtu nisiyemjua.

Mkataba ule una historia yake. Apple ilipoanza kuuza iPhone, tarehe 29 Juni 2007, bei ilikuwa dola 499 au 599 kulingana na nafasi ya kuhifadhia, na mnunuzi alitakiwa kufunga mkataba wa miaka miwili na mtandao wa AT&T. Mwaka uliofuata toleo jipya likauzwa dola 199 kwa mwenye mkataba, na watu wakashangilia kwamba simu imeshuka bei. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya bei ilikuwa imebebwa na mtandao, nao ukairudisha polepole ndani ya bili ya kila mwezi. Ili mteja asikimbie kabla haijarudi, simu ilifungwa isipokee laini ya mtandao mwingine. Wateja walipiga kelele miaka mingi. Mwaka 2013 T-Mobile ikaachana na mikataba ya miaka miwili. Agosti 2014 Rais Barack Obama akasaini sheria iliyorudisha haki ya mteja kufungua simu yake ili aitumie kwenye mtandao anaoutaka. Uingereza, tangu Desemba 2021, mitandao hairuhusiwi tena kuuza simu zilizofungwa.

Kwetu mkataba wa aina ile haukukita mizizi. Sisi ni watu wa vocha. Simu zetu zina nafasi mbili za laini kwa sababu ukiwa Kakola mtandao huu unashika, ukifika duarani unashika ule, na anayekutumia pesa yuko kwenye wa tatu. Tangu Machi 2017 tunaweza hata kuhama mtandao bila kubadili namba. Kwa hiyo simu za mkopo zilipokuja, kufungia laini peke yake kusingetosha. Kinachofungwa ni simu nzima. Mwaka 2020 Safaricom ya Kenya, ikishirikiana na Google, ilianzisha Lipa Mdogo Mdogo, mteja akilipa kianzio kisha shilingi 20 za Kenya kwa siku, na asipolipa simu inafungwa kwa mbali. Mtindo huo sasa uko kila mahali Afrika Mashariki, mikononi mwa kampuni nyingi. Kufuli lenyewe limekaa ndani sana. Fundi anaweza kuiflashi simu mpaka achoke. Ikigusa intaneti tu inajitambulisha kwa namba yake ya IMEI, na kufuli linarudi.

Kusema kweli, watu wa ukanda huu hawahitaji kufundishwa jambo hili la kufungwa na anayekukopesha na mtu wa simu. Wamelijua tangu zamani kwa majina mengine. Duara halichimbwi kwa mikono mitupu. Yanatakiwa magogo ya kukingia kuta, mafuta ya pampu ya maji, unga, maharage, na dawa mtu akiumwa. Anayeyatoa hayo huitwa sponsa. Mawe yakipanda, yanagawanywa viroba kwa viroba: mwenye leseni, mwenye duara, sponsa, wachimbaji. Lakini mara nyingi sponsa hadai viroba peke yake. Anadai pia dhahabu yako wewe uje uiuze kwake. Chakula alichokulisha hakina riba iliyoandikwa popote. Riba imo kwenye mizani, kwenye zile pointi chache zinazopotea kati ya bei yake na bei ya soko. Na gramu moja, kama mnavyojua, ni pointi kumi tu.

Wazee wetu wa pamba walilipitia hilo. Mkulima wa Shinyanga na Mwanza enzi za ukoloni aliuza kwa mnunuzi aliyekuwa karibu, kwa mizani ya mnunuzi huyo huyo, na malalamiko ya kupunjwa hayakwisha. Paul Bomani na wenzake wakaunganisha vyama vya wakulima hadi kikazaliwa, mwaka 1955, Victoria Federation of Co-operative Unions. Bei ya pamba ilikuwa sehemu ya madai yao. Sehemu nyingine ilikuwa haki ya mkulima kuwa na mahali pengine pa kuuzia. Miaka zaidi ya 60 baadaye, Machi 2019, Geita ikafunguliwa soko la madini, na mikoa mingine ikafuata, ili mchimbaji mdogo naye aikute bei imebandikwa ukutani badala ya kuisikia mdomoni mwa anayemdai.

Sasa sikilizeni jinsi kamba mbili, ya simu na ya dhahabu, zilivyofungana kwa mpwa wangu.

Mvua za masika zilinyesha, duara likajaa maji. Pampu ikaharibika. Siku tatu, tano, kumi. Karasha nalo likalala kwa sababu hakuna mawe ya kusaga. Siku ya kwanza asipolipa, simu ilimkumbusha. Siku zilizofuata ikajifunga, kioo kikabaki na maandishi ya kumtaka alipe. Mimi nilijua kabla hajaniambia, kwa sababu nilipigiwa na sauti ya binti mwenye adabu sana, akiniuliza kama ninamfahamu ndugu huyu na kama ninaweza kumshauri. Nikamjibu kwa adabu pia. Nilipokata simu nilikuwa na aibu, na sikujua ni aibu ya nani.

Mpwa wangu alichomoa laini, akaiweka kwenye kitochi cha rafiki yake. Kitochi kile, kisicho na kamera wala WhatsApp, ndicho kilichombakishia mlango wa pesa, maana menyu ya *150*00# haihitaji simu janja. Lakini pesa haikuwepo. Alichokuwa nacho ni pointi nane za dhahabu, akiba yake ya mgao uliopita, zimefungwa kwenye karatasi ndogo. Siku nyingine angetazama bei kwenye kundi, angesubiri mwenzake anayekuja Kahama, angeuza sokoni. Lakini kundi lilikuwa ndani ya simu iliyofungwa. Na siku zilikuwa zinahesabika. Akauza pale pale mgodini, kwa mnunuzi anayejua kumsoma kijana mwenye haraka.

Alihitaji 27,600 kulipia siku 12. Tulipokuja kulinganisha na bei ya soko ya siku ile, alikuwa amepoteza shilingi 46,000. Hesabu hii ndiyo ningetaka kila kijana wa Katoro, Nyarugusu, Mgusu na Kakola aione. Ile tofauti ya laki tatu na zaidi niliyomwonyesha mezani aliijua na akaikubali kwa macho makavu, akijua anachopata. Hii ya 46,000 haikuandikwa kwenye mkataba wowote. Imezaliwa pale deni moja lilipomsukuma mikononi mwa mtu mwingine anayengoja watu waliosukumwa.

Mtaniambia basi simu za mkopo ni kausha damu, tuzipige marufuku. Ningesema hivyo kama nisingemjua mama ntilie mmoja wa pale Kakola ambaye mpwa wangu hula kwake. Mama huyo alichukua simu kwenye kampuni ile ile, kwa masharti yale yale. Kila jioni, akishaosha masufuria, alihesabu mauzo na kutuma kiasi cha siku kabla ya kulala. Mwaka ukaisha, simu ikafunguka, ni yake. Wachimbaji wanampigia kutoka duarani wakiagiza sahani 15 za wali. Ukimwuliza alilipaje riba yote ile, anakuambia aliihesabu kama mchezo wa akina mama, ila safari hii kijumbe alikuwa kwenye simu.

Simu moja, mkopo mmoja, watu wawili. Tofauti sioni kama ni ya tabia. Sufuria la mama ntilie linachemka kila siku, na mkopo wake ulitaka pesa kila siku. Viwili hivyo vilikuwa vinatembea mwendo mmoja. Bodaboda naye ni hivyo. Mfanyakazi wa Marekani analipwa kwa mwezi, na bili ya simu yake inakuja kwa mwezi. Hata mkulima wa tumbaku wa Ushetu anayechukua mbolea kwa mkopo kupitia chama cha msingi, pamoja na manung'uniko yake yote, anakatwa wakati wa mauzo, kwa sababu aliyemkopesha anajua tumbaku haivunwi kila Jumatatu. Dhahabu haina kalenda. Inaweza kukupa kwa usiku mmoja ulichokosa kwa miezi sita, kisha ikakunyima mwaka. Mkopo unaojua siku tu, usiojua maji wala mwamba, haukutengenezwa kwa ajili ya mtu wa duara, hata kama dukani wanamkaribisha kwa tabasamu.

Kuna jambo lingine linalonisumbua, nalo linahusu neno "changu". Baba yangu alikuwa na ng'ombe wachache. Hatukuwala hovyo wala hatukuwauza kwa furaha, lakini mama alipougua, ng'ombe mmoja alitoka zizini alfajiri, na jioni mama alikuwa hospitali. Kitu chako ni kile unachoweza kukiuza siku ya shida bila kuomba ruhusa. Simu ya kununua, hata ikichakaa, bado ina nusu ya ng'ombe ndani yake; ukikwama Masumbwe huna nauli, kuna mtu ataitaka. Simu ya kulipia huwezi kuiuza wala kuiweka rehani. Siku unapoihitaji sana kama mali, ndiyo siku inayojifunga.

Lakini taslimu nayo ina uongo wake, droo yangu ni shahidi. Kwa hiyo nawapa lile dogo nililojifunza kwa gharama. Kabla hujatoa hata shilingi, bonyeza *#06#, soma tarakimu 15 za IMEI, zitume kwenda 15090, na uone kama jibu linaitaja simu hiyo hiyo uliyoishika. Mtakumbuka Juni 2016, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilipozima simu bandia, jinsi watu walivyoamka na vioo visivyoshika mtandao. Kisha weka laini yako mwenyewe, piga, pokea, washa bando, ukiwa bado umesimama dukani na pesa ikiwa bado mfukoni mwako. Muuzaji akikuambia utaiweka laini nyumbani, mwambie na pesa utamtumia ukifika nyumbani.

Waliowahi kusimama kwenye mdomo wa duara wanajua anavyoshushwa mtu. Anashika kamba, anaweka mguu, na juu kuna mwenzake kwenye winchi. Bila kamba hakuna anayeshuka, na mchimbaji anayejigamba kwamba hahitaji kamba tunamzika mapema. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema deni ni aibu. Anayeshuka haulizi bei ya kamba. Anainua macho kutazama nani ameshika juu, na kama akiivuta mara mbili kule gizani, wa juu ataelewa. Simu ya mpwa wangu ilikuwa na kamba iliyoshikwa na mashine. Aliivuta mara mbili wakati maji yanaingia, nayo ikamjibu kwa maandishi kwamba siku zake zimekwisha. Yangu ilishikwa na mtu wa bara jingine asiyejua kwamba nipo.

Mwezi uliopita alikuja tena. Simu ile bado anailipia, zimebaki siku zinazohesabika, na safari hii hakuiweka mezani. Aliniambia wameanzisha mchezo, vijana sita wa karasha na duara. Hawachangi kila siku. Wanachanga mgao ukitoka, kila mtu fungu kwa viroba alivyopata, na jumla ikitosha bei ya simu, mmoja ananunua taslimu, dukani, huku watano wamesimama nyuma yake wakikagua. Wa kwanza ameshapata. Yeye ni wa nne.

"Na duara likijaa maji tena?" nikamuuliza.

"Tunangoja wote, mjomba. Si tumo humo humo?"

Akanyamaza kidogo, akichezea kikombe. Kisha akasema wenzake wameamua kila mmoja awe na mtu mzima mmoja wa kumsimamia, wa kuitwa mambo yakiharibika, na yeye angependa awe mimi. Safari hii alikuwa ananiuliza kabla ya kuniandika.